Nani Analipia Safari ya Kiraka Mpaka Buzebazeba?

Hapa Buzebazeba, Kigoma, kompyuta ikianza kusumbua, mwenyewe hasemi anakwenda kusakinisha mfumo endeshi. Anasema anaipeleka ikapigwe Windows. Neno hilo limekaa mdomoni mwa watu wa Kigoma na Ujiji kama kupiga pasi au kupiga rangi: kazi ya mara moja, unalipa, unachukua chako, unaondoka. Mteja atauliza bei. Atauliza aifuate saa ngapi. Akiwa mwangalifu ataomba picha za harusi zisipotee. Katika miaka yote niliyokaa kwenye mabenchi ya mafundi hao, ni mara chache sana nimemsikia mtu akiuliza swali lenye uzito kuliko yote: hiyo Windows unayonipigia ni ya lini?

Diski ya kusakinisha husimama siku ile ilipochapwa kiwandani. Mfumo wenyewe hausimami. Kila mwezi watengenezaji hugundua matundu ambayo mwizi anaweza kupita, nao hutoa viraka vya kuyaziba. Viraka vikiwa vingi hukusanywa, hujaribiwa kwa pamoja na kutolewa kama fungu moja kubwa. Microsoft waliliita Service Pack, mafundi wetu wakalifupisha kuwa SP. Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001. SP1 yake ilikuja Septemba 2002, SP2 Agosti 2004, SP3 mwaka 2008. Kwa hiyo fundi aliyekuwa na CD ya mwaka 2001, akaipiga mwaka 2005, alimkabidhi mteja mashine inayong'aa ambayo ilikuwa nyuma kwa miaka minne. Kwa macho hukuona tofauti. Kilima cha kijani kwenye kioo cha XP kilikuwa kilekile na mawingu yalikuwa yaleyale.

Tofauti ilionekana waya wa mtandao ulipochomekwa. Tarehe 16 Julai 2003 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja katika huduma ya ndani ya Windows. Haukupita mwezi, tarehe 11 Agosti, mnyoo ulioitwa Blaster ukaanza kupenya katika tundu hilohilo. Mwaka uliofuata mambo yalikwenda kasi zaidi: kiraka kilitoka 13 Aprili 2004, na tarehe 30 mwezi uleule ukatokea mnyoo mwingine, Sasser. Minyoo hii haikuhitaji ufungue barua pepe wala ubonyeze chochote. Ilitosha kompyuta iwe imewashwa na imeunganishwa.

Nakumbuka mchana mmoja katika kafe ya intaneti iliyokuwa pembeni ya barabara iendayo Ujiji. Fundi alikuwa amemaliza kupiga XP kwenye mashine nne, akachomeka waya, akatoka kuagiza chai. Kabla kikombe hakijafika, katikati ya kioo cha mashine ya kwanza kikatokea kidirisha cha kijivu kinachohesabu sekunde kurudi nyuma kutoka 60. Ilipofika sifuri mashine ikajizima, ikajiwasha. Kisha ya pili. Fundi alirudi mbio, akafungua kile kioo cheusi cha amri, akaandika shutdown -a, hesabu ikasimama. Akaketi akazitazama zote nne kama mtu anayetazama mtumbwi unaoingiza maji huku hana kata ya kuyachotea. Alijua kiraka kipo. Alijua kipo wapi. Kilikuwa upande wa pili wa waya uleule uliomletea mnyoo.

Hapo ndipo lilipo suala lote, nami nataka tulipime kwa hesabu. Mwaka 2004 wataalamu wa SANS, taasisi ya Marekani inayofuatilia mashambulizi ya mtandaoni, walikadiria kwamba Windows isiyo na viraka ikiwekwa wazi kwenye intaneti hudumu kwa takriban dakika 20 kabla haijavamiwa. Fungu kamili la SP2 lilikuwa na ukubwa wa MB 266. Kwa laini ya setilaiti ya kilobiti 128 kwa sekunde, tena ikiwa yote ni yako peke yako, kuupakua mzigo huo huchukua karibu saa tano. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 ni zaidi ya saa kumi. Kafe yenye mashine kumi, kila moja ikajipakulia fungu lake, ilihitaji karibu siku mbili, usiku na mchana, bila mteja hata mmoja kusoma barua pepe. Dakika 20 upande mmoja, saa tano upande wa pili. Mashindano hayo yalikuwa yameshaamuliwa kabla hayajaanza.

Ni kweli kwamba mashine zilizojificha nyuma ya rauta zilipata kinga kidogo, kwa kuwa mnyoo wa nje haukuziona moja kwa moja. Lakini kafe ni nyumba moja. Mashine moja ikiambukizwa, majirani zake wote wamo ndani ya ukuta uleule. Na faiwoli ya XP, ambayo ingeweza kumkinga kila mmoja chumbani mwake, ilikuwemo tangu mwanzo lakini ilikuja ikiwa imezimwa. SP2 ndiyo iliyoiwasha bila kumngoja mtumiaji.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya Kigoma ya wakati ule. Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipanda juu mbinguni na kushuka kwa bei ya dhahabu. Umeme wa Kigoma kwa miaka mingi ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, kabla mkoa haujaunganishwa na gridi ya Taifa. Ukikatika saa ya nne ya kupakua faili kwa kivinjari cha enzi hizo, ulianza moja. Dar es Salaam nako kulikuwa na shida zake, lakini fundi wa Kariakoo akipungukiwa na kiraka alitembea hadi duka la pili. Fundi wa Buzebazeba alikuwa ametenganishwa na duka hilo kwa reli yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,200.

Watu wa ufukwe huu wana meli inayoeleza jambo hili vizuri zaidi ya kitabu chochote cha kompyuta. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli, kisha ikaunganishwa upya hapahapa na kuingia ziwani mwaka 1915. Waliopakia makasha yale walijua kwamba kando ya Ziwa Tanganyika hapakuwa na kiwanda cha kuazima skrubu. Kila kilichohitajika kilipaswa kuwemo. Ndivyo kitu kinavyosafirishwa kwenda mbali: kinatumwa kikiwa kamili, au kikifika kinakuwa mzigo. CD ya XP ya mwaka 2001 iliyofika Kigoma mwaka 2005 ilikuwa meli iliyoletwa bila skrubu, na wenye kiwanda wakisema skrubu zipo, zifuateni wenyewe.

Je, palikuwa na njia gani za kupata diski iliyokamilika?

Ya kwanza ilikuwa kuiomba kwa wenyewe. Microsoft hawakuwa viziwi kabisa. Februari 2004 walitoa CD ya bure ya viraka vya usalama kwa wenye intaneti dhaifu, na SP2 ilipotoka waliruhusu watu kuiagiza ikiwa kwenye CD. Lakini CD hizo zilikuwa za viraka tu. Zilihitaji mfumo uwe umeshapigwa kwanza kwa diski ya zamani, ndipo nazo ziwekwe juu yake. Kwa fundi mwenye nidhamu hilo lilitosha: piga Windows huku waya umechomolewa, weka CD ya SP2, subiri, ndipo uchomeke waya. Nidhamu hiyo ilikuwa ngumu kwa sababu moja ya kibinadamu. Mteja amesimama nyuma yako na anataka kuona intaneti ikifunguka.

Ya pili ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote: kuifuma SP ndani ya diski yenyewe. Kiraka cha kawaida hushonewa juu ya nguo iliyokwisha kushonwa. Hapa kitambaa chenyewe kinafumwa upya, kiasi kwamba nguo ikitoka haina tundu la kuzibwa. Kazi ilikuwa hivi. Fundi alinakili CD yote ya XP kwenye folda moja, tuseme C:\XP. Akalichukua faili la SP2, akalianzisha kwenye kioo cheusi kwa amri yenye neno /integrate ikifuatiwa na jina la folda hiyo. Programu ilipita faili moja baada ya jingine, ikitoa la zamani na kuweka jipya. Ikimaliza, fundi alichukua ile sekta ya kuwashia kutoka CD ya asili, maana bila hiyo diski haiwaki, akaichoma CD mpya kwa mwendo wa polepole ili isije ikagoma kusomeka kwenye mashine zilizochoka. Yote yaliingia kwenye CD ya MB 700. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika juu yake: XP SP2.

Baadaye ilikuja programu ya bure iliyoitwa nLite, ikaifanya kazi hiyo iwe ya kubonyeza vitufe, tena ikaongeza jambo ambalo mafundi wa laptopu walilililia kwa muda mrefu. XP haikuzijua diski kuu za SATA zilizokuja baadaye, hivyo CD yake ikiwekwa kwenye laptopu mpya iligonga kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B na kukataa katakata. Dawa rasmi ilikuwa kubonyeza F6 na kuipa draiva kwa floppy, wakati laptopu hizo hazikuwa na mahali pa kuingiza floppy. Kwa nLite draiva nayo ilifumwa ndani. Nimeona CD moja ya namna hiyo ikipita mikono ya mafundi watatu kutoka Mwanga hadi Ujiji kwa muda wa miezi, ikirudi kila mara na mikwaruzo mipya, na kila mmoja akiirudisha kwa heshima ya mtu aliyeazima jora la nyavu. Saa tano za setilaiti zilizolipwa mara moja na mtu mmoja ziliokoa mashine ambazo sidhani kama kuna aliyezihesabu.

Ya tatu ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo iliyotuumiza. Ni zile CD, baadaye DVD, zilizouzwa kwenye mifuko ya nailoni zikiwa na picha za rangi kali na majina ya mbwembwe, zikidai kuwa na SP ya mwisho, viraka vyote, programu ishirini na ufunguo usioulizwa. Simlaumu fundi aliyezinunua. Zilijibu shida ya kweli ambayo wenye mali hawakuijibu kwa bei ya kwetu. Lakini aliyezitengeneza ni nani? Alitoa nini ndani, akaweka nini? Mwaka 2012 Microsoft walitangaza kwamba walichunguza kompyuta 20 mpya zilizonunuliwa madukani China zikiwa na Windows bandia, wakakuta nne kati yake tayari zina virusi, kimojawapo kikiwa kile cha mtandao ulioitwa Nitol. Hizo zilikuwa mashine ambazo hazijawahi kuguswa na mteja. Diski ya mfukoni isiyo na baba haina sababu ya kuwa safi kuliko hizo.

Diski hizi zilileta dhara la pili lisilosemwa sana. Wengi wa waliozitengeneza walizima kabisa huduma ya masahihisho ya Windows, na pale walipoiacha, fundi mwenyewe aliizima kwa mkono wake akimwambia mteja: usiruhusu apdeti, itagundua si halali, kioo kitakuwa cheusi. Hofu hiyo ilikuwa na chimbuko, kwani kuanzia Julai 2005 Microsoft walianza kukagua uhalali wa Windows kabla ya kuruhusu upakuaji mwingi. Hata hivyo viraka vya usalama waliviacha vipite kwa njia ya masahihisho ya kiotomatiki hata kwa nakala zisizo halali, wakijua kwamba mashine moja yenye mnyoo humwambukiza pia yule aliyelipa. Mlango ulikuwa wazi, sisi tukaufunga kwa ndani. Mashine nyingi za nchi hii zilikaa bila kiraka hata kimoja kwa sababu ya ushauri uliotolewa kwa nia njema kwenye benchi la fundi. Mpaka leo nausikia ushauri huo ukitolewa.

Matokeo yake yalionekana Conficker ilipoingia Novemba 2008. Kiraka chake kilikuwa kimetoka 23 Oktoba mwaka huo. Angalia tarehe: SP3 ilitoka mapema mwaka uleule, kwa hiyo hata CD ya XP iliyofumwa SP3, ile ambayo kila fundi aliiona kuwa mwisho wa mambo, haikuwa na kiraka hicho. Jina SP3 halikukinga mtu. Kilichokinga ni tarehe. Na Conficker haikutegemea intaneti peke yake, ilipanda pia kwenye flashi na kujianzisha yenyewe flashi ikichomekwa. Kwa mji ambao barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule na kadi za michango ya harusi hutembea kwa flashi kutoka steshenari moja hadi nyingine, hiyo ilikuwa kama kipindupindu kuingia kwenye kisima cha mtaa. Microsoft walisambaza kiraka cha kuzima tabia hiyo ya flashi kujianzisha kwenye XP mwaka 2011. Aliyezima masahihisho hakukipata, na flashi ziliendelea kujianzisha kwenye mashine yake.

Njia ya nne ilikuja na jina linaloeleweka na kila Mbantu. Ubuntu, mfumo wa Linux ulioanzishwa mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulikuwa na mpango ulioitwa ShipIt: unaandika anwani, unatumiwa CD kwa posta, bure, pamoja na gharama ya posta. Uliendelea hadi Aprili 2011. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la heshima zaidi lililowahi kutolewa kwa swali la kichwa cha makala haya, kwa sababu mtengenezaji mwenyewe alikubali kulipia safari. Tena matoleo yake ya muda mrefu hutoka upya kila baada ya miezi kadhaa yakiwa na viraka vyote ndani, kuanzia 6.06.1 ya mwaka 2006, na leseni yake inaruhusu kuinakili CD hiyo na kumpa jirani bila kujificha. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisini zinazosema Kiswahili. Vipande vilikuwepo. Havikushika mizizi kwenye mabenchi yetu kwa sababu printa ya steshenari haikutambulika, modemu ya USB ilihitaji kubembelezwa, na mteja alirudi siku ya pili akilalamika kwamba barua yake ya Word imeharibika mistari. Fundi anayelipwa kwa kazi moja hawezi kufundisha mfumo mpya bure kwa wiki nzima.

Windows 7 niipitie haraka. Ilitoka 22 Oktoba 2009, SP1 yake Februari 2011, na SP2 haikuja kamwe. Kwa miaka mitano aliyepiga Windows 7 SP1 alikabiliwa na mamia ya viraka, na mashine ikikaa saa nyingi inatafuta tu bila kupakua. Mei 2016 ndipo likatoka fungu moja la kukusanya viraka hivyo, tena halikuja lenyewe. Ilibidi ulijue, ulifuate, na uweke kwanza kiraka kingine cha Aprili 2015, bila hicho linakataa. Mwaka mmoja baadaye, 12 Mei 2017, WannaCry ikazifunga kompyuta duniani kote ikidai fidia, na wengi wa walioumia walikuwa kwenye Windows 7. Kiraka kilikuwa kimetoka 14 Machi. Hadithi ni ileile ya Blaster, waliobadilika ni wahusika.

Windows 10, ya Julai 2015, ilibadilisha utaratibu. Viraka vya kila mwezi vikawa fungu moja linalobeba na vya nyuma yake, na faili la kusakinisha likawa linasasishwa na wenyewe, kila mtu akiruhusiwa kulipakua kwa Microsoft bila kificho. Kinachouzwa ni leseni. Kwa mtu wa London au Nairobi yenye nyaya za mwanga, suala la diski iliyokamilika likafa siku hiyo. Kwa Buzebazeba lilihama tu. Faili likanenepa kupita DVD ya GB 4.7, likahitaji flashi ya GB 8, na ndani yake likawepo faili moja linalozidi GB 4 ambalo flashi ya muundo wa FAT32 hailibebi, jambo ambalo limepoteza usiku wa mafundi wengi. Mkongo wa Taifa ulijengwa, simu zikaleta 4G, lakini watu wengi bado wananunua intaneti kwa bando, na bando la wiki linaweza kumezwa na Windows moja kabla mwenyewe hajatuma hata ujumbe. Kwa hiyo fundi bado anazima apdeti. Zamani alihofia kioo cheusi, sasa anahofia bando.

Jambo linalonisumbua zaidi ni la sasa hivi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa viraka vyake vya kawaida. Kwa mtu binafsi anayejiandikisha rasmi, Microsoft waliongeza mwaka mmoja. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya, na kompyuta nyingi za mtumba zilizoko maofisini, mashuleni na kwenye steshenari zetu hazina sifa hizo. Maana yake ni kwamba diski ya Windows 10 imesimama tena, kama ilivyosimama CD ya mwaka 2001. Kila atakayeipiga mwaka 2027 atakuwa anampa mteja mashine iliyo nyuma, na mara hii hakuna SP itakayokuja kuiokoa. Miaka ishirini tumezunguka, tumerudi bandarini palepale.

Tufanye nini? Maoni yangu ni kwamba tuache kulitazama kama tatizo la kila mteja na bando lake. Microsoft hutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu walioushika tangu Oktoba 2003. Ratiba inayojulikana hivyo inaomba kisima cha pamoja. Kompyuta moja tu katika mji wa Kigoma, iwe chuoni, maktaba au ofisi ya manispaa, ikipakua Jumatano usiku mafaili ya kusakinisha ya Windows 11 na ya Ubuntu au Linux Mint, pamoja na viraka vya mwezi huo, inaweza kumhudumia kila fundi wa Buzebazeba, Gungu na Katubuka atakayekuja na flashi yake Alhamisi asubuhi. Mafundi kumi wakipakua GB 6 kila mmoja, mji umelipia GB 60. Kisima kimoja kinalipia sita. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukizipatia shule kompyuta, na ningependa kuona kila shule inayopewa inapewa na kisima cha namna hii, kwa kuwa mashine bila viraka ni mtego tunaowawekea watoto. Ndani ya shule yenyewe, Windows 10 na 11 zina mpangilio unaoziruhusu mashine za jengo moja kupeana viraka, moja ikipakua na nyingine zikichota kwake. Ni kitufe kimoja kwenye mipangilio ya masahihisho, na katika shule nilizopita sijakikuta kimewashwa.

Kisima lazima kiwe safi, na kuna njia ya kulihakikisha hilo isiyohitaji kumwamini mtu. Watengenezaji hutangaza alama ndefu ya SHA-256 kwa mafaili yao. Fundi akiandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256 kwenye kioo cheusi, mashine inamtolea alama ya faili alilonalo. Zikilingana herufi kwa herufi, faili halijaguswa tangu litoke kwa mwenyewe, hata kama limepita mikono hamsini. Kwa flashi inayozunguka kutoka Kibirizi hadi Ujiji, hicho ndicho cheti cha kuzaliwa.

Na zile mashine ambazo Windows 11 imezikataa, mimi nasema ziende Linux, zikianza za mashuleni, ambako hakuna mteja anayelalamikia mistari ya barua na ambako mwanafunzi hajazoea lolote bado. Printa nyingi siku hizi zinatambulika, modemu za kubembeleza zimeondoka, na mwalimu anayetumia kivinjari na hati za kawaida atahama kwa siku mbili tatu. Sisemi hivyo kwa ushabiki. Nasema kwa kuwa ndiyo diski pekee kwa mashine hizo ambayo mwakani itakuwa na toleo jipya lililokamilika.

Majuzi nilipita kwenye kibanda cha fundi mmoja wa Buzebazeba nikiwa na laptopu ya ndugu yangu iliyokwama. Kwenye droo yake kulikuwa na flashi tano zimefungwa selotepu nyeupe, kila moja imeandikwa kwa wino mzito: jina la mfumo, mwezi, mwaka. Mbili alikuwa ameshazikata kwa mstari. Nikamuuliza ya kwangu ni ya lini. Akachagua moja, akanionyesha maandishi, ilikuwa ya mwezi uleule. Akachomoa kwanza waya wa mtandao kutoka ukutani, akauweka mezani mahali anapouona, ndipo akaiwasha mashine.